Mlango Unaoamini Ni Mwaka Sabini

Tufaha weee, uko wapi? Kaka Nasor kajifungia kwenye ghala la tumbaku Goweko! Kajifungia mwenyewe!

Si ule mlango wa kompyuta aliouweka, akajisifia mpaka tukamchoka? Umeme ulikatika, ukarudi, mlango ukagoma. Eti hauna mtandao. Na simu yake ina mtandao tele, ndiyo anayonipigia!

Kafungua kisanduku cha mlango pale ukutani kwa kisu. Kumbe tarehe imefutika, imerudi pale kompyuta zinapoanzia kuhesabu, mlango unaamini ni Januari 1970! Kompyuta ya makao makuu ya kampuni iliyouuza, inayotoa ruhusa ya kufungua, ikiona tarehe hiyo inaukataa. Ili urekebishe tarehe unataka mtandao, na mtandao hauupati kwa sababu ya tarehe. Umeona balaa hilo?

Tarehe hutunzwa na kibetri kidogo. Kiko wapi? Kwenye kipimo cha sukari cha mama! Nasor alikichomoa mwenyewe mlangoni siku ya Idi, maduka yamefungwa, akasema, "Nitakirudisha." Nitakirudisha!

Tena hayuko peke yake. Yuko na Bibi Maua, yule mjane, aliyekuja kuangalia tumbaku yake. Mlango wa chuma, joto, harufu, bibi anakohoa. Ikabidi Nasor amweleze: "Bibi, unisamehe, mlango unadhani tuko mwaka sabini, enzi za Ujamaa."

Bibi kaisogelea simu. Halafu nikamsikia kwa masikio yangu, shoga:

"Mwaka sabini mume wangu yu hai. Basi mwiteni aje atufungulie."