Mikato miwili kwenye kisu cha Masika

Mususa, Butembo. Jumatano, katikati ya Septemba. Ukungu ulikaa juu ya mabati mpaka saa nne, kisha mvua ikashika zamu. Ni miaka kumi na moja na miezi miwili tangu tukimbie nyumbani, kule nyuma ya Beni, barabara inapoingia msituni. Nilihesabu asubuhi nikiwa bado kitandani, kama wengine wanavyohesabu rozari.

Nianze kwa kukiri. Leo nimefanya kosa ambalo baba yangu angelivunjia kisu. Hata hivyo ninaandika nikiwa na moyo mwepesi, na vidole vyangu bado vinanuka petroli.

Kisu chenyewe ni cha Masika, binti wa marehemu kaka yangu Kambale. Kesho asubuhi anarudi Beni kufungua mgahawa wa meza nne karibu na soko. Miaka yote hii amepikia arusi za watu hapa Butembo akitumia visu vya kuazima. Nilimwambia kwamba siku atakayoondoka, ataondoka na chake.

Kimenichukua wiki tatu. Chuma cheusi kilitoka kwenye reso, ile springi ya lori lililovunjikia kwenye mlima wa Alimbongo, na cheupe kwenye msumeno mrefu wa kupasulia mbao. Nilivipanga vipande kwa zamu, nikanyunyizia ule unga ambao wanunuzi wa dhahabu hutumia kuyeyushia, nikavichoma mpaka vikashikana, nikakunja, nikagonga, nikakunja tena. Vitabu huita chuma hiki cha Damasko. Nilipolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana, nilicheka peke yangu. Kambale alikuwa akikitengeneza kila wiki nyuma ya nyumba, na Damasko aliyoijua yeye ilikuwa ile ya Mtume Paulo tu.

Yeye ndiye alinifundisha. Tulikuwa wana watatu, na kwetu jina linasema umezaliwa wa ngapi: Paluku, Kambale, na mimi, Kasereka, wa tatu. Alama ya baba ilikuwa mwezi mchanga. Kila mwana aliongeza mikato chini yake kulingana na nafasi yake. Paluku alichagua biashara ya vitenge, kwa hiyo mkato mmoja ulibaki bila mwenyewe. Kambale alikuwa na miwili, mimi mitatu.

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu alama, na hakuitolea maelezo: alama ni ya moto, si ya mkono. Kisu kilichozaliwa kwenye moto wa nyumbani kinapata alama. Ukifua ugenini, kwenye moto wa mwingine, unakiacha hivyo hivyo.

Ndiyo maana tangu nifike Mususa sijaweka alama kwenye kisu hata kimoja. Wateja wa wauza nyama wa hapa wanadhani visu vyangu vinatoka Kampala. Nilijiambia kwamba ninamtii baba. Leo niseme ukweli: nilikuwa ninangoja. Kila kisu kisicho na alama kilikuwa ahadi ndogo kwamba nitarudi.

Juma lililopita Masika alikishika kisu chake, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Baba mudogo, mais hii kisu haina jina."

"Haina. Moto huu si wetu."

"Moto ya kuazima inawaka miaka kumi na moja? Mwenyewe ni nani, tumurudishie?"

Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta miwani.

Sikulala vizuri siku hiyo. Kuweka alama kungekuwa kukiri kwamba moto wangu uko hapa. Kutokuweka kungekuwa kumpeleka binti wa Kambale Beni na kisu kisicho na ukoo, kama vitu vya sokoni. Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwambia nitaiweka.

Leo basi. Kwanza nilikipeleka kwa jirani yangu Mbusa, fundi wa redio, ambaye ana dawa ya kula shaba kwenye bodi za redio. Dawa hiyo hiyo hula reso ikawa nyeusi na kuuacha msumeno uking'aa, na hapo ndipo mistari ya chuma hujitokeza.

"Muzee, ikiyeyuka yote, hapana kuja kulia hapa," alisema Mbusa, akikitumbukiza kisu kwenye ndoo ya plastiki.

Tulisubiri robo saa tukizungumzia bei ya makaa. Kisha akakitoa, akakisuuza kwa maji ya sabuni. Mistari ilitembea kwenye chuma kama maji ya mto yanapozunguka mawe. Mbusa alikataa malipo. Akaniazima na betri ya pikipiki yake, mradi tu nisiimalize, maana saa nane alikuwa na safari.

Zamani tuligonga alama kwa tindo chuma kikiwa bado laini. Sasa naichoma kwa betri. Masika alileta rangi yake ya kucha, nyekundu sana, tukapaka karibu na mpini, tukaacha ikauke. Nikachukua sindano nikachora, nikikwaruza rangi mpaka chuma kionekane chini yake. Waya wa chanya ukashika kisu. Waya wa hasi nikaufunga kwenye msumari uliovikwa pamba yenye maji ya chumvi. Ukigusa pamba pale penye mchoro, inatoa sauti ndogo kama mafuta kwenye kikaango, na moshi kidogo. Unagusa, unainua, unagusa tena. Umeme unakula pale tu ulipochora.

Nilikuwa nikimsimulia Masika habari za baba yake. Namna alivyokuwa akiimba nyimbo za misa huku akigonga, na kukosea maneno bila aibu. Namna watu walivyotoka mbali kuja kumtazama akikunja chuma. Mikono yangu ilikuwa ikifanya kazi peke yake.

Nikafuta rangi kwa petroli. Masika akainama kutazama.

"Baba mudogo," alisema, "wewe ni wa ngapi?"

Nikavaa miwani vizuri. Mwezi mchanga ulikuwa safi, umekaa sawa. Chini yake palikuwa na mikato miwili.

Miwili.

Sihitaji kwenda mbali kutafuta sababu. Kule nyumbani nilifundisha shule asubuhi, na mchana nilikwenda kwenye kiriba, kibanda chetu cha kufulia chuma. Kambale alikuwa na mkono wenye nguvu lakini mwandiko mbaya, kwa hiyo alifua yeye na alama nikaweka mimi. Kwa miaka ishirini nilichora mikato yake miwili kwenye visu ambavyo sikumbuki idadi yake. Mitatu yangu niliichora mara chache mno. Mkono ulirudi kwenye kazi yake ya zamani bila kuniuliza.

Baba aliwahi kukivunja juu ya fuawe kisu kizuri kabisa, kwa sababu fundi mmoja alikipa alama isiyo yake. Kisu kinachosema uongo, alisema, siku moja kitamkata mwenyewe. Nilimkumbuka. Kusugua alama hiyo kungeharibu mistari yote, na gari la Masika linaondoka alfajiri. Lakini dawa ya kosa hili ilikuwa rahisi, ni kuongeza mkato mmoja tu. Nikachukua kichupa cha rangi.

Masika akafunika kisu kwa kiganja.

"Hapana ongeza."

"Masika, mwenye kukitengeneza ni mimi. Baba yako hakukigusa. Kisu kitasema uongo."

"Najua. Mais hii alama ya baba, nitayiona wapi tena?"

Hapo nikaelewa, na nikaona aibu kwamba sikuelewa mapema. Tulitoka nyumbani na sufuria moja, Biblia na watoto. Hatukutoka na kisu cha Kambale hata kimoja. Siku ya tatu alirudi kuchukua nyundo ya baba, na hatukumwona tena. Masika alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu hapo, alama ya baba yake haikuwepo popote duniani isipokuwa kwenye vidole vyangu, nami sikujua kwamba nilikuwa nimeitunza.

"Nani alikufundisha kukunja chuma?" aliuliza.

"Yeye."

"Donc hii kisu haisemi bongo, inasema kweli."

Nikarudisha kizibo kwenye kichupa. Namwomba baba radhi, lakini nadhani hata yeye angeliweka nyundo chini.

Masika alikifunga kisu kwenye kitambaa cha kichwa, akakibana kwapani, akapanda pikipiki kwenda kulala karibu na kituo cha magari, akipelekwa na Mbusa, ambaye ilimbidi arudishe betri yake mahali pake kwanza huku akinung'unika juu ya wazee na sayansi. Mvua ilikuwa imepungua. Hakugeuka nyuma, na ni vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kisha nikarudi ndani. Mezani palikuwa na kisu kingine, cha kawaida, cha muuza nyama wa hapa Mususa. Mbusa alikuwa ameondoka na betri, lakini tindo haihitaji betri. Kisu kilikuwa hakijakazwa bado, chuma kingali laini. Nikaweka mwezi mchanga. Nikahesabu kwa sauti, polepole, kama nilivyokuwa nikiwahesabia watoto wa darasa la kwanza. Moja. Mbili. Tatu.

Mke wangu alichungulia kuuliza ninazungumza na nani.

Ninamshukuru Mbusa na ndoo yake. Ninamshukuru mwenye kiwanja hiki, aliyetupa pembe ya ukuta ya kujengea kiriba siku tulipofika, akasema tutaongea baadaye, na mpaka leo hajaanza kuongea. Ninaushukuru mkono wangu uliokosea. Ninamshukuru Mungu kwa Masika, ambaye atakata nyama na ndizi za makemba Beni kwa kisu chenye alama ya baba yake, saa chache tu kwa gari kutoka mahali tulipozaliwa wote.

Mwezi wa Kambale unarudi upande wa nyumbani. Mwezi wangu umebaki Mususa, kwenye kisu cha muuza nyama, na moto uliokizaa ni wetu.

Mimi sitarudi.