Dakika Kumi na Nne Nilizoandikiwa

Dada Enyonam mpendwa,

Nimekusoma gazetini kila Jumamosi kwa miaka sita na sikuwahi kudhani ningekuwa mmoja wa wanaokuandikia, maana mimi ndiye ninayewasomea wenzangu kituoni barua za watu kwa sauti tukacheka, lakini leo nimejifungia chumba cha vielelezo, nimekaa kati ya pikipiki ya wizi na magunia ya kakao ya magendo, kwa sababu ni mahali pekee ambapo hakuna atakayeniuliza naandika nini. Nisaidie, na kama ni kunigombeza, nigombeze.

Mimi ni sajini wa polisi katika mji mdogo wa milimani, karibu na mpaka wa Togo. Nina miaka arobaini na saba, na ishirini na tatu kati yake nimevaa sare. Zamani nilicheza winga ya kulia kwenye timu ya polisi na hakuna beki aliyenipenda, lakini dada, kiti cha kituoni kina kazi yake, na maandazi ya yule mama wa mlangoni yana kazi yake, na akple, ule ugali wetu wa mahindi na muhogo, anaopika mke wangu Akpene na mchuzi wa bamia, vina kazi yao, na sasa nikifunga viatu lazima nishushe pumzi kwanza.

Kila mwaka tunapimwa. Mizunguko sita ya uwanja wa sekondari, na kwa umri wangu natakiwa nimalize ndani ya dakika kumi na tano, kisha pushapu, kisha kuburuta gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima hatua thelathini. Anayeshindwa anaondolewa doria mpaka afaulu, na jina lake haliingii kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Mwaka huu nilikimbia mizunguko miwili, wa tatu nikawa navuta mguu, iliyobaki nikatembea huku nimeshika ubavu, na aliyeshika saa alikuwa Koplo Selorm, kijana niliyempokea mimi mwenyewe akitoka chuoni, nikamfundisha hata namna ya kuandika jalada. Nilifika mstarini baada ya dakika kumi na tisa na ushee, nilizihesabu kwenye saa yangu. Selorm akaniangalia, akaangalia karatasi, akaandika kumi na nne na sekunde hamsini.

“Afande umefaulu,” akasema.

Sikumwomba, dada. Lakini pia sikusema neno. Nilimpigapiga begani nikaenda kunywa maji.

Wiki saba baadaye, saa nne asubuhi, tuliitwa kwenye zahanati ya kijiji cha jirani, mtu ameng'oa betri ya sola inayowasha friji ya chanjo, na tulipofika na Konstebo Yayra tukamwona huyo mtu anapanda njia ya mlimani na betri begani. Yayra ana miaka ishirini na sita. Mama yake ni jirani yetu, na siku binti alipopangwa kituoni kwetu, mama alinishika mkono akaniambia, “Nakuachia huyu,” na tangu hapo Yayra ananiita Mjomba tukiwa hatuna watu. Tukaanza kukimbia pamoja. Nilikwenda kama mita mia mbili, moyo ukawa unagonga masikioni, macho yakaingia giza, nikasimama, nikashika magoti. Yayra akaendelea peke yake. Alimkamata kule juu, wakakunjana, na yule mtu akaokota kipande cha bomba akampiga mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika mahali pawili. Nilisikia sauti yake, dada, nikapanda huku natembea, sikuweza kukimbia hata kwa kuisikia sauti ile. Mwizi aliponiona alikimbia bila betri, wakulima wakamshika jioni yake. Chanjo za watoto zilipona. Mkono wa Yayra haukupona.

Kwenye maelezo niliandika kwamba niliteleza nikategua mguu. Yayra akasaini akiwa kitandani. Siku ya tatu nikaenda kumwona na machungwa.

“Mjomba, mguu unaendeleaje?”

“Unapona.”

“Ni upi?”

Nikamwonyesha wa kulia.

“Kwenye maelezo umeandika wa kushoto,” akasema, taratibu, bila hasira. “Mimi niligeuka nyuma pale juu. Nilikuona. Ulikuwa umesimama.”

Kisha akafumba macho kama mtu anayetaka kulala, nami nikatoka nimeshika yale machungwa yangu.

Na kama haitoshi, mama yake amekuja nyumbani na kuku, ananishukuru kwamba nilifika na kumwokoa mwanawe, na kama haitoshi tena, jina langu limepelekwa juu ili niwe inspekta, na nimeiona barua yenyewe, imeandikwa kwamba siha yangu inaridhisha. Nilipomwambia Akpene nataka kusema ukweli, alisema, “Unataka kujivua nguo sokoni? Mkono wa mtoto umefungwa, utaunga. Wewe ukishushwa cheo nani atapona?” Nilipomwambia Selorm, alinijibu akiwa hanitazami, “Afande, nina mtoto wa miezi minne. Ukianguka hutaanguka peke yako.”

Sasa nafikiri labda ninyamaze tu, nianze mazoezi kimyakimya, mwakani nifaulu kwa haki na Mungu atanielewa. Lakini kila nikila nakumbuka macho ya yule binti yakifumba. Nifanye nini?

Sajini wa Milimani

*

Sajini,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira haikuniruhusu kukaa.

Unasema hukuomba. Mtu akikuwekea nyama ya wizi kwenye sahani nawe ukaila, usiniambie hukuomba. Unasema Selorm ni kijana uliyemfundisha kuandika jalada. Basi umemfundisha na hili, kwamba jalada huandikwa kwa kumtazama bosi usoni. Halafu ukaandika uongo wa pili, ukampelekea msichana aliyevunjika mkono ausaini. Katika yote uliyoyafanya, hilo ndilo baya zaidi, na ndilo ulilolipitia kwa haraka zaidi. Yeye sasa ana uongo wako chini ya jina lake.

Lakini umejifungia na magunia ya kakao ukaandika kurasa nne, na hakuna aliyekulazimisha. Mwongo aliyekomaa hafanyi hivyo. Kwa hiyo nisikilize, kwa maana nadhani bado unatengenezeka.

Watu wenu wanalalamika kwamba kipimo hicho ni cha kuwaaibisha wenye vitambi. Nimewasikia, hata shemeji yangu ni mmoja wao. Hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Kimewekwa ili anayetangulia awe na mtu nyuma yake. Yayra alipogeuka kule juu hakuwa anakupima, Sajini. Alikuwa anakutafuta.

Wazo lako la kufanya mazoezi kimyakimya mpaka mwakani lina nusu nzuri na nusu ya woga. Mazoezi ndiyo. Kimyakimya hapana. Maana kati ya leo na mwakani utapanda cheo, utapangiwa doria, na kuna Yayra mwingine atatangulia mlimani akidhani upo.

Anza na Yayra. Nenda mikono mitupu, machungwa yamekwisha kazi. Mwambie ulichofanya, vyote viwili, saa na mguu, na umwambie kwamba unakwenda kusahihisha maelezo ili jina lake litoke humo likiwa safi. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Kumwomba mgonjwa msamaha kitandani ni kumpa mzigo mwingine abebe. Mama yake mwache Yayra mwenyewe aamue atamwambia lini, ila huyo kuku, kama bado yuko hai, mrudishe.

Kisha mwambie Selorm kwamba ndani ya siku mbili unakwenda kwa mkuu wa kituo. Mpe siku hizo mbili ili atangulie kwa miguu yake, maana anayejipeleka mwenyewe hutazamwa kwa jicho tofauti. Na wewe ukifika mbele ya mkuu, usijifiche nyuma ya mtoto wa Selorm wala usimtupie Selorm lawama. Sema: nilijua, nikanyamaza, nikafaidika. Uandike na utie saini. Omba jina lako liondolewe kwenye ile orodha kabla hawajaliondoa.

Akpene anakupenda, ndiyo sababu anasema vile. Mwambie hivi: nguo mumeo alishajivua kule mlimani, sasa anataka kuvaa.

Na mwili. Nilikuwa muuguzi miaka thelathini kabla ya kupewa ukurasa huu, na mtu wa miaka arobaini na saba anayeona giza baada ya mita mia mbili simruhusu kukimbia hata kufuata basi. Nenda kwanza ukapimwe presha na sukari, wiki hii hii. Wakikuruhusu, wiki tatu za kwanza ni kutembea tu, haraka, kila asubuhi, mpaka uweze kupanda mlima huku unaongea. Baada ya hapo kimbia dakika mbili, tembea dakika mbili. Maandazi ya mlangoni uyasahau, pita mlango wa nyuma ikibidi. Akple uile, ila nusu, na bamia uongeze. Pombe iwe ya msiba na harusi. Nimewaona wanaume wazee kuliko wewe wakirudisha pumzi zao, na hakuna dawa waliyokunywa, waliamka tu.

Utapoteza kitu. Sikudanganyi. Lakini cheo unachokiogopea ulishakipoteza siku ile ulipompigapiga kijana begani ukaenda kunywa maji. Nenda, halafu uniandikie.

Dada Enyonam

*

Sajini aliandika, baada ya wiki kumi na tano. Kwa ruhusa yake nachapisha:

Dada, nilifanya ulivyosema, ila kwa Yayra nilichelewa siku nne kwa sababu mara mbili nilifika getini nikageuka. Nilimwambia vyote viwili, saa na mguu.

“Nimekusikia, Mjomba,” akasema. “Lakini nimekasirika.”

“Kasirika.”

“Na sitaki kupangwa na wewe doria.”

“Ni haki yako.”

Kuku nilimkuta bado anaranda uani, nikamrudisha. Mama yake alikuwa ameshaambiwa. Alimpokea kuku, hakunikaribisha ndani, mpaka leo salamu yake ni fupi, nami naipokea hivyo hivyo.

Selorm alitangulia kwa mkuu wetu, Madam Lamisi, asubuhi ile ile niliyokwenda mimi, tukapishana mlangoni. Amepewa onyo la maandishi na hatashika saa tena, lakini kazi anayo na mtoto ameota meno. Mimi jina langu limetolewa kwenye orodha, nimepewa karipio kali kwenye jalada langu, na maelezo yamesahihishwa. Nimewekwa kaunta, naandika watu waliopoteza vitambulisho. Siku ya kwanza wenzangu walinicheka. Mmoja akauliza, “Sajini, mguu wa kulia au wa kushoto?” Nikamjibu, “Hakuna uliotenguka,” na hakuuliza tena.

Presha ilikuwa juu, nikapewa dawa. Nilianza kutembea na Akpene, yeye akisema anakuja ili nisianguke njiani, na sasa yeye ndiye anayeniamsha. Nimepungua kilo kumi na moja. Nafunga viatu huku naongea.

Jumatano iliyopita nilipimwa upya. Safari hii saa alishika Madam Lamisi mwenyewe. Pushapu nilifaulu, gunia nililiburuta mpaka mwisho, na mizunguko sita nilikimbia yote bila kutembea hata hatua moja, dada, yote, na nilipovuka mstari nilikuwa na hakika. Madam akaangalia saa, akaandika mbele ya macho yangu: kumi na tano na sekunde ishirini na mbili.

“Hujafaulu, Sajini. Utarudi baada ya wiki sita.”

Nikasema, “Ndiyo, Madam,” na sijui kwa nini nilikuwa natabasamu.

Yayra naye alipimwa siku hiyo, mkono umeunga, amerudi kazini, na amefaulu kwa mbali. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi akaja akasimama mbele yangu.

“Mzunguko wa nne umelegea,” akasema. “Unatazama chini. Ukitazama chini kifua kinafunga.”

“Nitarekebisha.”

Akageuka kuondoka, kisha akasema bila kunitazama, “Kila asubuhi saa kumi na mbili napanda ule mlima wa zahanati. Ukitaka kuja, njoo. Ila sitakungoja.”

Nimeshindwa kulala kwa furaha, nami nauliza swali la kijinga: niende, au ni mapema mno?

*

Sajini, nenda. Presha pima tena kabla ya kuanza Jumatatu, na viatu kama soli imekwisha nunua vingine. Yeye amekwambia hatakungoja, basi usimfanye angoje: ondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, utangulie, akupite njiani. Akikupita usimwite. Tazama mbele, endelea kupanda.