Maji ya Ghorofa ya Tatu

Sarajevo, 9 Juni 2025

Mum mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mabegi yametuchubua mabega. Mimi na rafiki zangu Abena na Queen tulifika jana kwa basi, tukapanga chumba ghorofa ya pili katika jengo la zamani. Vita viliisha hapa karibu miaka thelathini iliyopita, lakini kuta bado zina matundu ya risasi. Kwenye lami kuna alama zilizojazwa rangi nyekundu, mahali mabomu yalipoua watu. Wenyeji wanazipita wakienda kununua mkate. Queen hazikanyagi, anaziruka.

Leo asubuhi nilimkuta mzee ngazini na madumu mawili ya maji. Nikampokea moja mpaka ghorofa ya tatu. Dumu lenyewe lilikuwa baridi, mum, vidole viliniuma hadi saa sita.

Mwanao,
Nyaguthii


Takoma Park, 10 Juni

Nyaguthii mwanangu,

Nimekusoma nikiwa kwenye basi, natoka kwa yule bibi ninayemtunza Riverdale Park. Mgongo uko tu, unanikumbusha kila nikimwinua mtu. Ashukuriwe Mungu mmefika salama.

Kumsaidia mzee ni vizuri. Lakini usiingie kwa mtu usiyemjua. Na mahali palipomwagika damu hapatembelewi kama soko, muwe na adabu. Hebu niambie: kwani mfereji wenu hautoi maji? Mbona anabeba?

Mama yako,
Waringa


Sarajevo, 12 Juni

Mum,

U mzima? Swali lako limeninyima raha. Mfereji unatoa maji vizuri kabisa.

Nilimuuliza Amra, mwenye nyumba. "Mzee gani?" akasema. Nikamweleza: koti la kijivu, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Amra akaketi polepole. Ghorofa ya tatu haikai mtu, akasema. Mji ulipozingirwa mifereji ilikauka, na jirani yao mmoja alikuwa akilichotea jengo zima. Siku moja alikwenda, hakurudi. Hata mwili haukupatikana. "Gumba alilipoteza kiwandani," akaniambia, nami sikuwa nimeuliza.

Nilipanda kuangalia. Mlango umepigiliwa misumari, yote ina kutu. Lakini leo asubuhi alikuwa ananingoja tena, na dumu nililibeba. Kiganja kina alama. Abena alikuwa nyuma yangu. Anaapa aliniona peke yangu, mkono mmoja umevutwa chini kana kwamba una mzigo.

Anataka tuondoke. Mimi sitaki, na sijui kwa nini.

Mwanao,
Nyaguthii


Takoma Park, 14 Juni

Mwanangu,

Natumaini u salama. Nimekaa siku mbili bila kukujibu. Kila nikianza, nafuta.

Nilikwambia mjomba wako Kuria alikufa kwa malaria. Nilikudanganya. Januari 2008, nyumba yetu ilipochomwa katika ghasia za uchaguzi, tulikimbilia kambini Eldoret. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu, bado unanyonya, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Nikamwambia kaka yangu, "Kanitafutie maji." Akasema njia ni mbaya, tungoje lori la maji. Nikamjibu, "Wewe ni mwanamume wa aina gani?" Akachukua madumu mawili, akaenda. Sikumwona tena. Hatukuzika kitu.

Maneno hayo nilimwambia kwa Kikuyu. Ndiyo sababu sikukufundisha lugha hiyo.

Najua huyo mzee si Kuria. Lakini usimbebee tena. Mwambie maji yametosha, watu wamekunywa, apumzike. Kisha mwondoke.

Mama yako,
Waringa


Mostar, 15 Juni

Mum,

Pole. Pole sana.

Tumeondoka Sarajevo. Lakini kwanza nilimngoja, Abena na Queen wakiwa wameshikana mikono hatua chache chini yangu. Alipofika nilimwambia kwa Kiswahili, maana lugha yake siijui: "Yametosha, baba. Watu wamekunywa. Pumzika."

Akasimama. Akasema kitu kwa mara ya kwanza, na haikuwa lugha ya huku. Naandika kama nilivyosikia: "Waringa nianyua?"

Mum, jina lako sijawahi kulitaja pale.

Nilijua tu kwamba ni swali. Neno la Kikuyu ninalolijua ni lile la kukubali unalomwitikia shosho, mama yako, kwenye simu, "ii." Nikamjibu hilo. Akayatua madumu, akaketi ngazini, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwake. Halafu hapakuwa na mtu.

Wenzangu hawakusikia lolote. Ila ngazi zilikuwa zimelowa, maji yanateremka hadi kwenye viatu vyao. Queen bado analia.

Aliniuliza nini?

Mwanao,
Nyaguthii


Takoma Park, 16 Juni

Nyaguthii wangu,

Nimekusoma nimesimama jikoni, kisha nikaketi sakafuni.

Alikuuliza, "Waringa amekunywa?" Umemjibu vyema. Ii. Nilikunywa. Wanawake wa kambini walinipa maji jioni ileile, ukanyonya ukalala. Yeye ndiye hakujua.

Nimempigia shosho na kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemtuma mwanawe. Akasema, "Nilikuwa nimelala kando yenu, macho wazi. Nilisikia kila neno. Miaka kumi na saba nangoja uniambie."

Tukalia naye, kila mmoja kwake.

Mama yako,
Waringa