Mwili Wangu Una Saa Yake

Ursina uko wapi?? Nimeaibika leo, uso wangu sijui niuweke wapi.

Nimeamka saa moja na nusu. NA NUSU! Chekechea inafunguliwa saa moja, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Simu iko jikoni inaita mpaka imechoka.

Nimefika mbio, nywele timtim, wazazi wamesimama kwenye theluji na watoto wao. Hakuna aliyenifokea. Bora wangefoka! Wananitazama tu.

Na unajua ninavyojigamba. Miaka kumi na moja situmii alamu. Kila siku nawahubiria wenzangu kazini, "Alamu ni utumwa! Mwili wangu una saa yake, saa kumi na mbili kamili macho haya hapa!"

Sasa nani yuko mbele kabisa, kamshika mjukuu wake mkono? Mzee Köbi, mpiga kengele wa kanisa. Ananiuliza taratibu, "Mwalimu, leo ile saa ya mwilini imeisha betri?"

Watu wakacheka. Ndipo nikaelewa. Ursina, ilikuwa kengele yake! Kengele ya saa kumi na mbili! Leo ndiyo asubuhi ya kwanza haijalia, kwa sababu ya ile barua ya kulalamikia kelele zake. Na barua niliiandika MIMI. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi, hata wewe nilikulazimisha!

"Usijali mwanangu," akasema, "kesho saa kumi na mbili nitapita nikugongee dirisha."

Mbele ya wazazi wote.

Na nimekubali.