Paneli Juu, Tangi Chini

Kaka yangu uliye Dar es Salaam,

Mzunguko asilia ni mwendo wa maji usiosukumwa na pampu: yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda, yaliyo baridi huwa mazito, hushuka kushika nafasi yao. Sharti lake ni moja tu, kwamba tangi likae juu ya paneli ya jua inayoyapasha moto. Naanza na maana hii kwa sababu ndiyo uliyokataa kuisikiliza.

Tuliuona mzunguko huo jikoni tangu utotoni, tukisubiri ndizi na maharage viive: maharage yakipanda katikati ya sufuria, yakizama pembeni. Ulicheka, ukasema yanacheza ngoma. Hukuuliza kwa nini. Hujaanza kuuliza hadi leo.

Ulipokuja kumjengea mama nyumba hapa Ijuganyondo, Bukoba, nilikuonyesha mahali pa tangi. "Profesa," ukanijibu mbele ya mafundi, "wageni wa Krismasi waje waone pipa juu ya vigae vyangu?" Wakacheka. Paneli ikapandishwa ing'ae kuelekea barabarani, tangi likafichwa nyuma ya choo, nawe ukanunua pampu ya umeme ili kuyalazimisha maji yafanye kile ambacho yangefanya yenyewe.

Matokeo yanastahili kuelezwa kwa usahihi. Umeme ukikatika mchana, maji hayasogei. Usiku, paneli inapopoa, mzunguko asilia hufanya kazi bila dosari, ila kinyume: joto kidogo lililopatikana hupanda kutoka tangini hadi kwenye paneli na kupotelea hewani. Umetengeneza mtambo wa kupasha moto mawingu ya Bukoba.

Mama, ambaye magoti yake hayavumilii maji baridi, huamka akachochea kuni kama zamani. Kisha unapiga simu.

"Mama, maji yanapata moto?"

"Waitu, yanachoma, mwanangu," anakujibu kwa neno letu la Kihaya la upole, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unaepua sufuria.

Nimemwambia naweza kulihamishia tangi juu. "Liache," akasema. "Ni kazi ya kaka yako. Akija akute umeitengua, atajisikiaje?"

Kwa nini maji hupanda bila kusukumwa, naweza kukueleza. Kwa nini mama anakuficha ukweli, siwezi, na sikusudii kukusamehe kwa hilo.

Kaa salama na vigae vyako. Swali moja tu limebaki, nami sina jibu lake: nikilipandisha tangi kabla hujaja, nitakuwa nimempa mama maji ya moto, au nitakuwa nimemnyang'anya mwana wa kujivunia?

Mdogo wako wa kike