Walipapasa Shingo ya Tata

Mpendwa baba,

Wasomaji wasio wa kwetu watadhani namwandikia mwanamume. Wewe unajua. Kwa Ekegusii, lugha yetu, mama ndiye baba, na baba wa Kiswahili ndiye tata. Nilijaribu kuanza na "mpendwa mama" nikaona namwandikia mtu mwingine.

Unakumbuka rovu lako, ule uvimbe? Lilikaa upande wa kushoto wa shingo, na ukienda kanisani ulilifunika kwa kitambaa cha maua. Uliponibeba mgongoni nililishika nisianguke. Nyanya alikuwa nalo, dada zako pia, basi nikadhani ni kitu cha ukoo, kama pua.

Na chumvi yako? Ya mawemawe, ya kupimiwa sokoni. Ile ya pakiti ulisema haina ukali. Kwa ukungu wa kwetu Gesima chumvi hulowa upesi, kwa hiyo uliiweka juu ya meko, katika kopo lisilo na kifuniko, ikauke. Majirani walikuja kuomba yako kwa sababu haikugandana, nawe ulijivunia kopo lile kuliko vyombo vya wageni.

Nikiwa darasa la tatu alikuja shuleni mhudumu wa afya, mama wa upande wa ziwa. Alituonyesha picha ya shingo iliyovimba, akauliza nani ana mtu wa hivyo nyumbani. Nilikuwa na kiherehere cha kujibu. Nikasimama, nikasema, "Baba." Akaandika jina la tata.

Jumamosi akafika kwetu. Wewe ulikuwa unachuma majani chai. Alimkuta tata uani, akamwomba afungue kola, akampapasa shingo huku na huku asione kitu. Kabla ya kuondoka akamweleza habari ya chumvi: mnunue ile ya pakiti iliyotiwa madini ya iodini, mwifunike, ikae mbali na moto madini yasipotee, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Tata akaitikia. Tata, ambaye hakuwahi kufunua sufuria maishani mwake! Jioni alitusimulia kwamba serikali imemtuma mwanamke kumshika shingo, tukacheka hadi machozi. Habari ya chumvi hakuitaja. Niliitoa kwake miaka mingi baadaye, kwa kumuuliza.

Ulicheka nawe, kisha ukaniita kando. Ukaniuliza nilimtaja nani. Nikasema nilimtaja baba.

"Mwanangu," ukasema polepole, "huyo mama alikuwa ananitafuta mimi."

Hukunigombeza. Ulivuta kitambaa shingoni ukarudi kusonga ugali. Ulisema atarudi tu. Hakurudi.

Mwaka uliofuata ukamzaa Kemunto. Alikuwa mtoto mtulivu na wote tulimsifu kwa huo utulivu. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno hayakuja. Watu wakanong'ona habari za laana. Wewe ulimwosha, ukamwimbia, ukamlisha mboga ya chinsaga uliyoitia chumvi ya kopo kwa mkono wako mwenyewe, kwa mapenzi yote. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilikuja kuelewa katika kliniki ya hapa Nyamira, nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Muuguzi alituambia mtoto tumboni anahitaji iodini ili ubongo ukue, na mama aliyepungukiwa nayo hana ya kumgawia. Nikamsimulia habari ya Kemunto. Akasema hakuna awezaye kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini inawezekana.

Jumapili iliyofuata nilikuja kwako nimekusudia kukueleza yote. Nikakukuta unamkata Kemunto kucha, mmoja mmoja, huku ukimpulizia vidole. Nikashindwa. Nikakupa pakiti ya chumvi na kopo jipya, nikasema ni zawadi. Ulishukuru sana. Ukaitia chumvi koponi, ukaondoa kifuniko, ukaliweka juu ya meko. Nami nikanyamaza tena.

Rovu likaja kukubana pumzi, ukaenda kabla sijasema. Sijui kama nilikuhurumia au nilikuogopa. Watu wananiambia nisijilaumu kwa lile neno la shuleni, nilikuwa mtoto. Kweli. Lakini ule ukimya wa Jumapili ulikuwa wa mtu mzima, na huo sina wa kumsingizia. Nisamehe, baba.

Kemunto anaishi nami sasa. Ana neno moja tu. Nikimpakulia chakula ananitazama na kuniita, "Baba." Majirani zetu, waliohamia kutoka upande wa ziwa, humsikitikia. Humwambia avumilie, baba atakuja jioni. Zamani niliwaacha waseme. Siku hizi naweka mwiko chini, natoka hadi mlangoni, nawaeleza taratibu kama ningemweleza yule mhudumu: kwetu sisi, baba ni mama.

Pumzika, baba. Kopo nimelifunika.

Mwanao wa kwanza