Alhamisi ya Kaseti Mpya

Fundi,

Nakuandikia nikiwa Mkolani, sebuleni kwako, kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Ni saa tisa alasiri. Shemeji Bertha ameenda sokoni. Mama yako yuko uani anachambua dagaa. Umeme upo, zamu yetu ya mgao ni kesho. Naanza hivi kwa sababu ndivyo ulivyonizoea: kwanza mahali, kisha saa, kisha jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni masahihisho. Unajua gazetini tukikosea tunasahihisha ukurasa wa pili, chini, kwa herufi ndogo, na wewe ulikuwa ukianzia hapo kila asubuhi ili upate cha kunicheka. Basi safari hii aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwenye mazishi yako, mbele ya watu.

Nitafika huko. Kwanza habari za hapa.

Tulikuzika Nansio, kando ya baba yako, kama mama alivyotaka. Kivuko kilichelewa kuondoka Mwanza na tukafika jua limeshakuwa kali. Arobaini ilikuwa Jumamosi iliyopita. Kibanda chako kimefungwa. Zile redio zilizokuwa zikisubiri matengenezo Bertha amezirudisha kwa wenyewe, zilizopona na zisizopona, isipokuwa moja ambayo mwenyewe hajulikani. Inashika stesheni za Uganda tu. Mama anaisikiliza jikoni, haelewi neno, anasema watangazaji wake wana adabu. Magugu maji yamefika hadi gatini na mitumbwi inakwama. Nimeandika habari zake mara nne, na mhariri wa Dar ananiuliza kama huku Mwanza hakuna habari nyingine.

Wazee wa ukoo walikaa siku ya arobaini kugawa vitu vyako. Mdogo wako amechukua koti na baiskeli. Mashine ya gemu walisema ibaki hapa nyumbani. Mimi nimepewa bisibisi yako ya mpini mwekundu. Sijui kuitumia, na walionipa wanajua hivyo.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuletea tepurekoda yangu imemeza mkanda wenye hotuba ya diwani, nikiwa na haraka. Mezani kwako kulikuwa na kitu kimefunguliwa tumbo, sijawahi kukiona, kimeunganishwa kwenye televisheni ndogo isiyo na rangi. Hukuniuliza shida yangu. Ulisema, "Nishikie hapa, Mwandishi," ukanipa pedi, ile ya vitufe vya kuchezea, na kwenye kioo pakatokea kijitu kidogo cha mwanga kinachoruka ninaporuka mimi. Kikao cha halmashauri cha alasiri hiyo kilifanyika bila mimi. Hotuba ya diwani tuliisahau siku tatu.

Ndipo tukawa wateja wa Kulwa wa Makoroboi. Miaka michache kabla ya hapo tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, na sasa Kulwa alikuwa akishusha kwenye treni ya Alhamisi kutoka Dar makatoni ya saa, miavuli, vikokotoo, na katikati ya hayo, mbili au tatu, kaseti za gemu. Maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma, ya Kijapani au ya Kichina, hata Kulwa hakujua. Kwa hiyo tulizipa majina wenyewe. Ngazi. Ndege Watatu. Mzee Hasira. Sharti lilikuwa lako: hakuna anayechomeka kaseti mpya peke yake. Tunaichomeka wote, tunacheza hadi wote wawili tumekufa mara tatu, halafu tunakubaliana jina na wewe unaliandika kwenye plasta ya hospitali na kuibandika. Kaseti isiyo na plasta ilikuwa haijazaliwa. Hivyo ndivyo ulivyosema.

Tulikuwa watu wazima wenye kazi. Mimi nilikuwa na sangara, kampeni za vyama vingi, mioto ya masoko. Wewe ulikuwa na redio za nusu ya mji. Kulwa akituma neno kwamba mzigo umeshuka, niliziandika habari zangu nikiwa nimesimama. Mara ngapi niliacha gemu katikati nikakimbia nyumba ya jirani yako mwenye simu, nikawasomea Dar habari yangu neno kwa neno, nikipiga kelele kwenye mkonga kwa sababu laini inakoroma, nikarudi nikakukuta umenishikia? Pedi yako mikononi, yangu sakafuni chini ya kidole gumba cha mguu, jasho linakutoka. "Hujafa, Mwandishi. Nimekulinda." Bertha akipita na ndoo alisema, "Wazee wazima. Mmoja ana mvi." Hukumuuliza ni yupi. Ulijua ni mimi.

Na ule mlango wa Ngazi. Wiki tatu tulikwama pale, milango miwili inayofanana, ukiingia mmoja unakufa. Ulifungua mashine, ukaipuliza, ukaifunga. Nilichora ramani kwenye daftari la kazi, katikati ya mahojiano na mkuu wa bandari. Mwisho tuliibeba kwenye kikapu hadi Nyegezi kwa yule mwalimu mwenye televisheni ya rangi. Akawasha. Mlango mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Mwalimu akauliza tatizo ni nini hasa. Ulimwambia, "Hakuna tatizo mwalimu, tulikuwa tunapita," ukachomoa nyaya. Tulicheka njia nzima hadi Mkolani, na ulinikataza nisimwambie Bertha. Nilimwambia.

Sasa Alhamisi ile.

Ulikuwa na siku ya tisa hospitali. Hali ya figo zako ilikuwa ikipanda na kushuka, na sisi tulikuwa tumeanza kuzoea. Saa nne asubuhi Bertha alinitumia neno ofisini kwamba unaniulizia, nije saa za kuona wagonjwa, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Saa sita Kulwa alinitumia neno lake. Nilichukua kaseti. Saa nane nilikuwa mlangoni kwako. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Nansio kuangalia nyumba, alinifungulia. Nilimwamkia. Nilimwambia nataka kuangalia kama inafanya kazi, nicheze kidogo, kisha nije huko kwako.

Nilijisemea kwamba naijifunza ili nikuelekeze ukitoka. Nimelipima hilo siku nyingi na sio kweli, Fundi. Nilitaka kucheza.

Ni gemu nzuri. Wanaume wawili wanapanda mto, mmoja ana kamba, mwingine ana taa. Wa pili, pedi yake isiposhikwa na mtu, anasimama tu ukingoni anatazama. Hatua ya kwanza na ya pili nilizipita peke yangu. Hatua ya tatu kuna lango la mawe, halifunguki mpaka wote wawili wasimame mbele yake. Nilijaribu ile mbinu yako. Nilivua kiatu. Mimi sina kidole gumba kama chako. Kila mara yule wa taa anaanguka majini, na kila mara nasema mara moja tu halafu naondoka. Nilipotazama saa ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nilisema nitakuja kesho.

Kesho yake, kabla ya saa moja asubuhi, Bertha alikuja ofisini kwa miguu.

Nansio walinipa nafasi ya kusema neno la rafiki. Nilisema vizuri, kila mtu alisema nilisema vizuri. Nilisema pia hivi: "Alhamisi aliniita, na nilizuiwa na kazi." Watu waliguna kwa huruma. Mwandishi wa habari, walisema, kazi zao hizo. Mama yako alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Aliniangalia, akatazama chini. Jioni alikuja na sahani akaniuliza kama nimekula.

Kwa siku arobaini hakusema kitu. Jumamosi, wageni walipoondoka, nilikuwa nikimsaidia kupanga viti. Akasema, bila kunitazama, "Mwandishi, kazi yako ina sauti ya ajabu."

"Kazi gani, mama?"

"Ile ya Alhamisi. Tiu, tiu, tiu. Halafu mtu anaanguka majini."

Akaendelea kupanga viti.

Jana nilikuja kumwambia Bertha. Alikuwa anakunja mashati yako yaliyobaki. Nilisimama. Nilimwambia mambo yote kwa mpangilio, na saa zake, kama ninavyokuandikia wewe. Alikunja shati hadi mwisho.

"Najua, shemeji."

Nikamuuliza kama mama ndiye aliyemwambia. Akatikisa kichwa. Ulimwambia wewe.

Anasema saa kumi na moja ulimuuliza kama nimekuja. Akasema bado. Ukauliza leo ni siku gani. Akasema Alhamisi. Anasema ulianza kucheka, ukashika tumbo kwa maumivu, ukaendelea kucheka. "Treni imefika," ukasema. "Huyo yuko sebuleni kwangu, mjinga yule. Kachomeka." Halafu ukasema, "Akija kesho, mwambie asinisimulie mwisho."

Nimehoji mawaziri, Fundi, na wauaji wawili, sijawahi kukosa swali. Pale nilipata moja tu: kwa nini hakuniambia siku zote hizo?

"Ulisimama mbele ya kaburi ukasema kazi," Bertha alisema. "Ningekukatiza? Nikasema nitangoja aseme mwenyewe. Ungekaa mwaka ningengoja mwaka. Na usidhani sikukasirika. Mimi namshikia beseni, wewe umeshika gemu. Nilikasirika sana, shemeji. Bado."

Nilisema ana haki. Alichukua shati lingine.

"Ulifika wapi?"

"Hatua ya tatu."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Saa nne nzima? Ya tatu tu? Mwenzako angekuwa ameshamaliza anakula."

Nikamweleza lango la mawe, na watu wawili. Nikamweleza kuhusu kidole gumba. Akaweka shati chini, akageuka ukutani, mabega yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Naripoti kwamba yalikuwa yote mawili.

Kwa hiyo, masahihisho. Katika neno la rafiki lililotolewa Nansio, ilielezwa kuwa msemaji alizuiwa na kazi siku ya Alhamisi. Si kweli. Alikuwa Mkolani, sebuleni kwa marehemu, akicheza gemu aliyoahidi kutoicheza peke yake, na marehemu alijua. Anaomba radhi kwa marehemu, kwa mjane, na kwa mama aliyesikia tiu tiu akanyamaza. Jumapili ijayo navuka kwenda Nansio na mama. Nitayasema haya kwa wajomba zako walewale walionisikia kaburini, wakiwa wamekaa. Mama anasema watanicheka. Nimemwambia sawa.

Kaseti iko hapa mkononi. Haina plasta. Bertha ameniambia nije Jumamosi, mchana, umeme ukiwepo. Anasema atashika pedi ya pili, mara moja tu, aone hicho kilichomfanya aolewe na watu wawili. Hajawahi kushika pedi. Atatuzamisha. Mama amesema asianze mtu kabla hajamaliza dagaa zake, naye anataka kuona huyo mtu akianguka majini, maana siku ile alisikia tu.

Sharti lako liko palepale: tutakufa mara tatu kila mmoja, ndipo tutatafuta jina. Plasta nimeshaiomba hospitali. Nesi aliuliza ni ya kidonda gani.

Bertha amerudi, namsikia uani anabishana na mama juu ya redio ya Uganda. Naacha hapa. Lala, Fundi. Siku ile uliniachia muda wote nicheze, na mimi nikauchukua bila kujua ulikuwa muda wako wa mwisho. Nikikumbuka lile beseni alilokuwa anashika Bertha, sijui nifanye nini na mikono yangu, basi naandika.

Ninakuahidi jambo moja, na hili sitalisahihisha. Lango tutalipita. Mto tutaupanda hadi unapoishia, hata kama ni miaka. Na siku nikija Nansio kufyeka majani pale ulipo, nitakueleza habari zote za mji, bei ya sangara, magugu, nani kashinda udiwani.

Mwisho sitakusimulia.

Mwandishi wako